Shamba Dogo Mwanzoni mwa Vuli: Kazi Zake, Raha Zake na Mtihani wa Mvua ya Kwanza

Msomaji wa vitabu vya nchi za kaskazini hukutana mara kwa mara na neno vuli likiwa limetumika kueleza majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na watu wakaanza kutafuta nguo za baridi. Mkulima wa Pangani, huko Kibaha katika Mkoa wa Pwani, akilisikia neno hilo hilo huona picha nyingine kabisa. Kwake yeye vuli ni mvua. Ni zile mvua ndogo zinazotarajiwa kati ya Oktoba na Desemba, baada ya kipupwe kupita na kabla ya jua kali la Januari na Februari. Kule kaskazini vuli ni mwisho wa mwaka wa shamba. Kwetu pwani ni mlango wa pili wa mwaka, kwani mlango wa kwanza, yaani masika, umekwisha kufungwa tangu Mei.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi zinazofanywa katika shamba dogo wakati mlango huo wa pili unapofunguka. Hatukusudii kumfundisha mkulima namna ya kushika jembe, jambo ambalo analijua kuliko sisi. Tunakusudia kueleza sababu zilizofichika nyuma ya kazi hizo, ili anapoamua jambo aamue kwa kujua.

Kaya ya mfano

Hebu tuchukue mfano wa kaya moja yenye shamba la ekari moja na nusu. Kuna minazi michache, mikorosho minne, mwembe mmoja mkubwa uani, mihogo, na matuta ya mboga nyuma ya jiko. Udongo ni wa kichanga, kama ulivyo udongo wa sehemu nyingi za Kibaha na Kisarawe. Wanaoishi hapo ni bibi, binti yake, na wajukuu wanaosoma. Juu ya uchaga wa jiko, pale moshi unapopita, bibi ameweka mbegu alizochagua katika mavuno ya masika: kilo tano za mahindi na kilo tatu za kunde. Hana nyingine. Zikipotea, mbegu zitanunuliwa kwa fedha iliyowekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari.

Basi swali kubwa la vuli katika kaya hii ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mbegu zitiwe ardhini siku gani?

Jua, pepo na mawingu

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huo ni wa kweli, lakini mawingu nayo yana dalili zake. Mwezi Septemba, tarehe 22 au 23, jua huvuka ikweta likielekea kusini. Ule ukanda wa hewa inayopanda juu, ambao huleta mvua za nchi za joto, hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Upepo wa kusi uliovuma tangu katikati ya mwaka hulegea, na kaskazi bado haijashika. Mabaharia wa pwani huuita wakati huo tanga mbili, kwa kuwa chombo chaweza kusafiri upande huu au ule. Katika utulivu huo hewa yenye unyevu wa bahari hupanda, hupoa, na kufanya mawingu mazito ya alasiri.

Hata hivyo, wingi wa mvua za vuli hautegemei jua peke yake. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza jinsi joto la Bahari ya Hindi linavyobadilika kama mizani. Maji ya magharibi, upande wetu, yakipata joto zaidi kuliko yale yaliyo karibu na Indonesia, vuli aghalabu huwa na mvua nyingi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na tena mwaka 2019. Mizani ikiinama upande wa pili, mvua hupungua. Mwaka 2022 vuli ilichelewa na kuwa haba, maji ya Mto Ruvu yakapungua, hata wakazi wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Ndiyo maana utabiri wa vuli unaotolewa kila mwaka na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla mvua hazijaanza, wafaa kusikilizwa kwa makini. Utabiri huo hausemi siku ya kupanda katika shamba lako, lakini husema mizani imeelekea wapi.

Jaribio la fimbo

Wajukuu wa kaya yetu waweza kuufuata mwendo wa jua wao wenyewe bila chombo chochote cha kununua. Simika fimbo iliyonyooka katika uwanja ulio tambarare, uipime kwa timazi, yaani uzi uliofungiwa jiwe, ili isiinamie upande wowote. Kila siku, tangu mwanzo wa Oktoba, tazama kivuli chake mchana, kiasi cha saa sita na dakika kumi. Utaona kivuli kikifupika siku hadi siku. Ifikapo tarehe 10 au 11 Oktoba, kivuli kitatoweka kabisa chini ya fimbo, kwa maana jua litakuwa limesimama utosini juu ya Kibaha, iliyo karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Baada ya hapo kivuli kitaanza kuota tena, safari hii kikielekea kaskazini. Jambo hilo hutokea mara mbili tu kwa mwaka. Mara ya pili ni mwanzoni mwa Machi, masika yanapokaribia.

Mvua ya kwanza: hoja mbili zinazopingana

Sasa tuseme mvua imenyesha usiku mmoja katikati ya Oktoba. Asubuhi ardhi ina harufu nzuri, vumbi limetulia, na majirani wametoka na majembe. Je, kaya yetu nayo ipande?

Hoja ya kwanza yasema: panda upesi. Hoja hii ina msingi imara wa kisayansi. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka sana unapoloweshwa, vijidudu vilivyomo huamka kwa nguvu, huozesha masalia ya mimea, na kutoa kwa muda mfupi naitrojeni nyingi ambayo ndiyo chakula kikuu cha mmea. Baada ya siku chache wingi huo hushuka. Katika udongo wa kichanga, mvua zinazofuata huikokota naitrojeni hiyo mpaka chini ambako mizizi michanga haifiki. Mmea uliokwisha kuota mapema huila karamu; uliochelewa hukuta sahani tupu. Zaidi ya hayo, vuli ni fupi. Mahindi ya muda mfupi, kama Kito na TMV-1 zilizotolewa na watafiti wetu katika miaka ya 1980, nayo huhitaji kiasi cha miezi mitatu. Anayengoja mno huikuta mvua imekwisha kabla ya punje kujaa.

Hoja ya pili yasema: ngoja. Mvua moja haifanyi msimu. Wataalamu wengi huhesabu kwamba mvua zimeanza kweli pale zinaponyesha kiasi cha milimita 20 katika siku mbili au tatu, bila kufuatwa na ukame wa siku saba hadi kumi mfululizo ndani ya mwezi unaofuata. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kuandika historia ya mvua, lakini mkulima hawezi kuitumia yote. Sehemu yake ya pili hujulikana baada ya mbegu kuwa ardhini. Mkulima hupanda gizani, na mtaalamu hupewa taa kesho yake.

Kupima kwa kopo na kwa jembe

Lililo mikononi mwa mkulima ni kupima kilichokwisha kunyesha. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa, na asubuhi pima kina cha maji kwa rula. Kila milimita moja ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba.

Udongo wa kichanga uliokauka, ukiloweshwa, huweza kushika maji ya kiasi cha sehemu moja katika kumi ya ujazo wake. Kwa hiyo mvua ya milimita 12 hulowesha sentimita 12 tu kwenda chini. Ardhi mbichi iliyo wazi, katika jua la Oktoba, huweza kupoteza milimita 4 kwa siku au zaidi. Kwa hesabu hiyo maji yale ya milimita 12 ni akiba ya siku tatu, na punje ya hindi huhitaji siku tano hadi saba kuchomoza tu. Mbegu iliyopandwa kwa mvua hiyo hunywa maji, huvimba, huanza kutoa mzizi, kisha hukauka ikiwa njiani. Afadhali punje iliyokaa kavu kabisa, kwani hiyo bado iko hai; ile iliyoamshwa na kuachwa haiwezi kulala tena.

Bibi wa kaya yetu hana haja ya rula. Anachimba kwa jembe katikati ya shamba, anatia mkono shimoni, anafinya udongo. Juu ni mbichi. Chini ya upana wa kiganja ni vumbi.

"Bibi, majirani wamekwisha kuanza," asema mjukuu wake wa kiume, akiwa ameshika mfuko wa mbegu.

"Subiri, mume wangu," bibi anamjibu kwa ule utani wa bibi na mjukuu. "Mbegu si zao. Mvua hii imekuja kusalimia tu."

Uamuzi wa kati na kati

Kungoja peke yake si hekima, kama tulivyoona katika hoja ya Birch. Njia inayofaa shamba dogo ni kugawa hatari. Bibi anazigawa mbegu mafungu matatu. Mvua ya pili ikinyesha, tuseme milimita 25 katika siku mbili, na unyevu ukapita shibiri moja kwenda chini, fungu la kwanza hutiwa ardhini siku hiyo hiyo, katika sehemu ya bondeni na penye matandazo. Fungu la pili hungoja kiasi cha wiki moja, kulingana na mvua. Fungu la tatu ni akiba ya kurudishia mahali palipokosa kuota. Ikifika katikati ya Novemba, mahindi yasipandwe tena. Mahali pake pachukuliwe na kunde, ambazo huvumilia ukame na huanza kukomaa kwa kiasi cha miezi miwili, na majani yake huliwa kabla ya hapo.

Tufuate mfano mpaka mwisho. Baada ya fungu la kwanza, jua lapiga siku tisa. Katika mashamba yaliyopandwa kwa mvua ya salamu, nafasi tupu ni nyingi, na wenyewe wanatafuta mbegu. Katika shamba la bibi mimea imenyauka lakini chini ya nyasi kavu udongo bado ni mbichi. Siku ya kumi mvua yarudi, na sehemu kubwa inasimama tena. Kama ukame ungedumu siku kumi na tano, fungu la kwanza lingekufa, lakini mengine mawili yangalikuwapo juu ya uchaga. Na kama mvua zisingekatika kabisa, majirani waliowahi ndio wangepata mavuno makubwa zaidi. Kugawa mbegu hakumpi mkulima ushindi mkubwa kila mwaka. Humpa hakika kwamba hakuna mwaka utakaompokonya vyote.

Majani makavu yasichomwe

Wengi wetu hutayarisha shamba la vuli kwa moto. Moto huokoa nguvu, lakini bei yake ni kubwa. Majani yanapoungua, naitrojeni na salfa zilizomo hupaa angani pamoja na moshi. Majivu hubakiza madini mengine, nayo mvua kubwa ya kwanza huweza kuyasomba. Tena moto wa Septemba na Oktoba haujui mpaka. Hutoka katika kichaka chako ukaingia katika mikorosho ya jirani, au katika misitu ya hifadhi kama Pugu na Kazimzumbwi.

Nyasi hizo hizo zikitandazwa kati ya mistari hukinga jua lisinyonye unyevu, hupunguza magugu, na mwishowe huoza zikawa mboji. Katika mchanga, mboji ndiyo sifongo inayoshika maji. Yafaa tu kuangalia mchwa, na kuacha nafasi ndogo kuzunguka shina.

Vipando vya mihogo: adui asiyeonekana

Muhogo ni benki ya kaya ya pwani, lakini benki hiyo yaweza kuporwa kwa siri. Magonjwa mawili ya virusi ndiyo hatari zaidi. La kwanza ni batobato, lililoelezwa kisayansi mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani hupata mabaka ya manjano na kukunjamana. La pili ni michirizi kahawia, lililoelezwa mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa Amani, katika Milima ya Usambara. Hili ni janja zaidi. Majani ya chini hupata umanjano kando ya mishipa, shina bichi hupata michirizi, na mizizi huoza kwa ndani, ikawa na madoa magumu ya rangi ya kahawia. Mti waweza kusimama umenawiri, na mkulima akajua msiba siku ya kung'oa.

Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, lakini mwenezaji mkubwa ni mkono wetu wenyewe unapokata kipando kutoka mti mgonjwa. Kosa la kawaida ni kuchagua vipando Oktoba, wakati miti imekwisha kupukutisha majani ya chini, ambayo ndiyo yangetoa ushahidi. Kwa hiyo uchaguzi uanze mapema. Katika miezi ya Juni na Julai pita shambani na ufunge ukambaa kwenye miti isiyo na dalili yoyote. Wakati wa kuvuna, kata mizizi ya miti hiyo vipande vipande na uitazame ndani. Mti uliofaulu mitihani yote miwili ndio ukatwe vipando vya sentimita 20 hadi 30, vyenye macho matano au zaidi. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja huhitaji vipando kiasi cha 4,000. Nusu robo ya ekari huhitaji 500 tu, na hiyo si kazi ya kumshinda mtu. Watafiti wa Kibaha, katika kituo ambacho leo ni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, wameshughulikia pia mbegu zinazohimili magonjwa hayo, kama vile Kiroba. Mwenye nafasi aulizie vipando safi kwa bwana shamba au bibi shamba wake.

Neno moja la tahadhari. Ukame huongeza sumu ya sianidi katika muhogo, hasa ule mchungu. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walipooza miguu baada ya kula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri. Mwisho wa kiangazi si wakati wa kufupisha siku za kuloweka na kuanika, hata njaa ikibisha hodi.

Chini ya mikorosho

Wakati huo huo korosho zinaanguka. Fagia chini ya mikorosho mapema, ili korosho zionekane na zisilale kwenye unyevu wa mvua. Ziokotwe kila siku au kila baada ya siku moja, zitenganishwe na bibo, zianikwe juani siku mbili au tatu mpaka zisikike zikigongana mkononi. Zikiwekwa zingali na unyevu huota ukungu na kushushwa daraja.

Bibo lenyewe lisidharauliwe. Vitamini C iliyomo hupita ile ya chungwa mara nne au tano. Ukali wake unaokaba koo hupungua maji yake yakichanganywa na uji mwembamba wa muhogo uliopoa, kisha yakachujwa. Watoto wakumbushwe tu wasing'ate ganda la korosho, kwani mafuta yake huunguza ngozi.

Raha za mwanzo wa vuli

Isidhaniwe kwamba vuli ni hesabu na hofu tupu. Ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ambayo kila mtoto wa pwani aijua, ilipewa jina la kisayansi na watafiti wawili wa Australia mwaka 1964. Sehemu yake kubwa hutoka kwa bakteria wa udongoni, nayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chache mno hewani. Jioni ya mvua kumbikumbi hutoka kwa maelfu wakiifuata taa, kwa kuwa ardhi laini ndiyo inayowawezesha kuchimba makao mapya. Watoto huwakusanya kwa beseni la maji, na kesho yake hukaangwa bila mafuta. Mwembe unaanza kuahidi, mchicha wa matuta ya jiko unachipua kwa wiki chache, na paa la bati la mita 30 za mraba, kwa mvua moja ya milimita 20, laweza kutoa karibu lita 600 za maji, yaani mapipa matatu. Siku hiyo mabinti hawaendi kisimani.

Maswali ya kujipima

1. Kopo lako limepata milimita 15 za maji. Udongo wa kichanga umelowa kiasi gani kwenda chini, na akiba hiyo yatosha siku ngapi ikiwa ardhi haina matandazo?

2. Kwa nini anayepanda mapema huweza kupata mavuno makubwa, na kwa nini huyo huyo huweza kupoteza mbegu?

3. Eleza sababu ya kuchagua miti ya vipando mwezi Juni badala ya Oktoba.

Tunawashauri walimu na wazazi waanzishe daftari la vuli: tarehe ya kivuli kutoweka, milimita za kila mvua, siku ya kupanda kila fungu, na idadi ya mashina yaliyosimama. Baada ya miaka mitano, daftari hilo litamwambia mkulima wa Pangani habari za shamba lake ambazo hakuna kitabu kingine kilicho nazo. Bibi amelihifadhi lake kichwani kwa muda mrefu. Ni wajibu wa mjukuu kuliandika.